Kutulia si kupona

Bwana Mhariri,

Tunawashukuru kwa habari ya ukurasa wa afya juu ya dawa mbili za saratani kali ya damu. Imesomwa sana hapa Lubumbashi. Wapo wanaoileta hospitalini imekunjwa ndani ya daftari la mgonjwa, wakiuliza dawa hizo zinauzwa farmasi gani, na kwa sababu hiyo tunaandika. Habari yenu ina makosa mawili, na yote mawili yanaweza kumuumiza mgonjwa. La kwanza ni neno moja tu: mliandika kwamba theluthi mbili ya wagonjwa "walipona". La pili ni wazo linalopita katika habari nzima, kwamba mchanganyiko ni dawa mbili, basi, na mwenye kuzipata zote mbili amepata tiba yenyewe.

Tarakimu mlizochapisha zimetoka katika jaribio linaloitwa VIALE-A, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2020. Waliingia watu 431 wenye lukemia kali ya aina ya mieloidi, wengi wao wazee (umri wa katikati ulikuwa miaka 76), wasioweza kuvumilia kemoterapi nzito. Wote walidungwa azasitidini, miligramu 75 kwa kila mita ya mraba ya mwili, siku 7 katika kila siku 28. Kati ya kila watatu, wawili waliongezewa vidonge vya venetoklaksi, na wa tatu alipewa vidonge vinavyofanana navyo lakini visivyo na dawa ndani. Ugonjwa ulitulia kwa asilimia 66.4 ya waliopata dawa mbili, na kwa asilimia 28.3 ya waliopata moja. Hapo ndipo kalamu yenu iliposimama. Mngeendelea kidogo mngekuta kwamba katika kundi la dawa mbili nusu ya wagonjwa walikuwa wameshafariki ilipofika miezi 14.7, na katika kundi la dawa moja ilipofika miezi 9.6. Miezi mitano ya ziada si kitu cha kudharau kwa mzee ambaye zamani angerudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu. Lakini hakuna anayeweza kuiita kupona.

Kutulia kuna kipimo chake. Mgonjwa hutobolewa mfupa wa nyonga, uboho huvutwa kwa sirinji, laborantini huupaka kwenye kioo, huutia rangi, kisha huhesabu chembe moja moja hadi zifike 500. Chembe changa za saratani, zile tunazoziita blasti, zikiwa chini ya 5 kwa kila 100, na damu ya mkononi ikiwa na neutrofili (chembe nyeupe za kinga) zisizopungua 1,000 na plakete (chembe za kugandisha damu) zisizopungua 100,000 kwa mikrolita, ugonjwa umetulia kamili. Blasti zikiwa zimepungua hivyo lakini hesabu za damu hazijarudi, huandikwa kwamba umetulia bila damu kurudi sawa. Ile asilimia 66.4 imejumlisha aina zote mbili. Waliotulia kamili, damu ikiwa imerudi, walikuwa asilimia 36.7, dhidi ya 17.9. Tarakimu mbili za jaribio lilelile, wagonjwa walewale, na moja ni karibu nusu ya nyingine. Anayechagua ipi aiweke kwenye kichwa cha habari ameshamwambia msomaji jambo fulani.

Na hata huyo aliyetulia kamili hesabu yake bado. Siku anapogunduliwa, mtu mzima anaweza kuwa na chembe za saratani trilioni moja mwilini, yaani 1 yenye sifuri 12. Dawa ikiua 999 kati ya kila 1,000, zinabaki bilioni moja (milyari, kwa waliosoma shule zetu). Chini ya darubini kioo kitaonekana safi. Kwa hiyo siku hizi wanaopima vizuri hutumia mashine ya kutambua chembe kwa alama za ngozi yake, inayoweza kukamata chembe moja ya saratani kati ya 1,000 hadi 10,000 nzuri. Hata nayo haioni zote. Ugonjwa hurudi kutoka kwa zile zisizoonekana.

Kwa nini basi kuchanganya? Jambo hili si geni kwa wasomaji wenu. Mgonjwa wa kifua kikuu hupewa rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na etambutoli kwa miezi miwili, kisha mbili za kwanza kwa miezi minne. Hakuna anayeuliza kwa nini nne. Katika mabilioni ya vijidudu wapo wachache waliozaliwa hawajali dawa moja. Dawa nyingine huwafuata hao. Lukemia ni hivyohivyo. Mwaka 1948 Sidney Farber wa Boston alitoa taarifa ya watoto 16 aliowapa aminopterini. 10 walipata nafuu ya wazi, kisha ugonjwa ukawarudia. Mapema miaka ya 1960 Emil Frei na Emil Freireich wakaunganisha dawa nne kwa wakati mmoja, vinkristini, methotreksati, merkaptopurini na predinisoni, na Donald Pinkel kule Memphis akaendeleza njia hiyo hata, kabla muongo huo haujaisha, karibu nusu ya watoto wenye aina ya limfoidi wakawa wanapona. Hao ndio tunaoweza kuwaandikia neno hilo.

Angalieni lakini jinsi dawa hizo nne zilivyochaguliwa. Kila moja ilikuwa imeonekana inafanya kazi peke yake. Kila moja hushambulia chembe mahali tofauti. Na kila moja huumiza mwili mahali tofauti: vinkristini huuma mishipa ya fahamu na kufunga tumbo lakini uboho huugusa kidogo, predinisoni hupandisha sukari, methotreksati huchubua mdomo. Ndiyo maana ziliweza kupewa pamoja kila moja kwa kipimo chake karibu kizima. Katika aina ya mieloidi hatuna bahati hiyo. Karibu kila dawa yenye nguvu huko huchoma uboho uleule, kwa hiyo kila unapoongeza ya pili unalazimika kupunguza ya kwanza au kukubali mgonjwa akae wiki nyingi zaidi bila kinga. Ugumu wote wa kujaribu michanganyiko ya lukemia sugu unaanzia hapo.

Kazi huanza kwenye kibao cha plastiki chenye vishimo 96, safu 8 kwa 12, kila kishimo kidogo kuliko ncha ya kidole. Chembe za lukemia hutiwa humo ndani ya maji ya lishe. Dawa ya kwanza huongezwa nguvu kutoka kushoto kwenda kulia, ya pili kutoka chini kwenda juu, hata kila kishimo kiwe na kipimo chake cha ndoa hiyo. Kibao hukaa kwenye kabati la joto la nyuzi 37, hewa yake ikiwa na asilimia 5 ya kaboni dioksidi, kwa saa 72. Kisha hutiwa kitu kinachong'aa pale kinapokutana na nishati ya chembe hai, na mashine husoma mwanga. Kishimo chenye giza, chembe zimekufa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme dawa ya kwanza peke yake huacha hai chembe 60 kwa 100, na ya pili peke yake huacha 50. Kama kila moja inafanya kazi bila kujali mwenzake, tungetazamia zibaki 30, maana nusu ya 60 ni 30. Zikibaki 10, dawa hizo zinasaidiana. Zikibaki 30, ni majirani tu, kila mmoja na uwanja wake. Zikibaki 45, moja inamfunga mwenzake mikono, na hilo hutokea: dawa inayosimamisha chembe isigawanyike humpa adui kinga dhidi ya dawa inayoua zile zinazogawanyika tu. Njia hii inaitwa kwa jina la Bliss, aliyeiandika mwaka 1939, na mpaka leo kosa la kawaida kabisa katika taarifa za dawa ni kutangaza kwamba dawa mbili "zinasaidiana" kwa sababu tu zikiwa pamoja zimeua zaidi ya moja. Hata majirani wawili huua zaidi ya mmoja.

Mengi huharibika kwenye kibao hicho kidogo. Vishimo 36 vya ukingoni hukauka kwanza. Kadiri maji yanavyopungua dawa ndani yake hukolea, na mtu akajidhani amegundua kitu. Wenye uzoefu hutia maji matupu ukingoni na kufanya kazi katika 60 vya ndani. Dawa nyingi huyeyushwa katika kimiminika kinachoitwa DMSO, ambacho chenyewe huua kikizidi. Sharti kiwe chini ya nusu ya asilimia na kiwe sawa katika kila kishimo, hata vile visivyo na dawa. Azasitidini, hii hii mliyoiandika, huvunjika ndani ya maji kwa muda wa saa chache. Ukiitia siku ya kwanza ukasoma siku ya tatu bila kuitia upya, umepima dawa ambayo haipo tena. Chembe zilizofugwa miaka na miaka hushikwa na vijidudu vya mikoplasma visivyoonekana kwa darubini ya kawaida, na majibu yake yote hupinda. Na chembe zilizotolewa mwilini mwa mgonjwa leo asubuhi hufa zenyewe zikiwa peke yake kwenye plastiki, kwa kukosa jirani zake wa uboho waliokuwa wakizilisha na kuzificha. Bila vishimo vya kulinganishia utaisifu dawa kwa vifo vya upweke.

Kuna kishimo kimoja zaidi ambacho taarifa nyingi hazikitaji: cha uboho mzuri wa mtu asiyeumwa. Maji ya Javeli huua chembe za lukemia asilimia 100, kila mara, bila kushindwa. Swali ni kinachobaki hai upande wa pili.

Mchanganyiko ukipita hapo na kwa wanyama, huja kwa watu, tena pole pole. Watatu hupewa kipimo cha kwanza na kuangaliwa mzunguko mzima. Hakuna aliyeumia vibaya, watatu wengine hupewa cha juu yake. Mmoja akiumia, huongezwa watatu kwa kipimo kilekile. Wawili wakiumia, kipimo hicho kimezidi, hurudishwa chini. Katika saratani za matiti au utumbo kujua nani ameumizwa na dawa si kazi kubwa. Katika lukemia ugonjwa wenyewe umeshaangusha damu kabla hujaanza. Mgonjwa anaingia na plakete 15,000, utamlaumu nani zikifika 8,000? Kwa hiyo wataalamu wamekubaliana kuweka mstari: kama uboho umeshasafika, blasti hazipo, na hesabu za damu bado hazijarudi hata siku ya 42, lawama ni ya dawa.

Venetoklaksi nayo haikuanza na kipimo kizima. Siku ya kwanza ni miligramu 100, ya pili 200, ya tatu 400, baada ya chakula. Sababu ni kwamba chembe nyingi zikipasuka kwa wakati mmoja humwaga potasiamu, fosfeti na asidi ya yuriki ndani ya damu. Figo huziba, moyo husimama. Chembe nyeupe lazima kwanza zishushwe chini ya 25,000, mgonjwa anyweshwe maji na kupewa alopurinoli ya kushusha asidi hiyo, na damu yake ipimwe kabla ya kila kipimo kipya, tena saa 6 hadi 8 baadaye, na saa 24 baada ya kufika kipimo cha mwisho. Penye laboratware inayofungwa saa tisa mchana, sehemu hiyo ya tiba haipo, hata kama kikopo cha vidonge kipo mezani.

Na vidonge vyenyewe hubadilika kwa kile kinachomezwa kando yake. Mgonjwa asiye na kinga hupata ukungu mdomoni, na dawa ya kwanza inayoandikwa kila mahali ni flukonazoli. Flukonazoli hufunga njia ya ini inayoondoa venetoklaksi, na dawa hulundikana. Kipimo chake lazima kikatwe angalau nusu. Kwa posakonazoli, ndugu yake mwenye nguvu zaidi, miligramu 400 hushuka hadi 70. Mtu aliyemeza 400 pamoja na posakonazoli hakupata mchanganyiko uliojaribiwa. Amepata mwingine ambao hakuna aliyeupima.

Uwiano nao ni dawa. Kila anayesonga bukari anajua kwamba unga na maji vilevile, vikikosewa kiasi, hutoka uji. Kuna dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017 yenye vitu viwili vya zamani kabisa, sitarabini na daunorubisini, vile ambavyo tangu miaka ya 1970 hutolewa kwa mtindo wa siku 7 na siku 3. Kilichoongezwa ni kuvifungia pamoja ndani ya vifuko vidogo mno vya mafuta ili vifike kwenye uboho kwa uwiano wa 5 kwa 1, bila kimoja kumtangulia mwenzake. Katika jaribio la watu 309 wa miaka 60 hadi 75 wenye lukemia ngumu iliyotokana na ugonjwa au tiba ya awali, nusu waliishi zaidi ya miezi 9.56, dhidi ya 5.95 kwa waliopewa vitu hivyohivyo kwa njia ya kawaida.

Vipimo na siku vinaweza hata kugeuza sumu kuwa dawa. Gemtuzumabu, kingamwili iliyobebeshwa sumu, iliruhusiwa Marekani mwaka 2000. Ilipoongezwa kwenye kemoterapi kwa miligramu 6 kwa mita ya mraba mara moja, asilimia 5 walikufa katika hatua ya kwanza ya tiba, dhidi ya asilimia 1 kwa wasioongezewa. Mwaka 2010 ikaondolewa sokoni. Wafaransa wakaigawa: miligramu 3 kwa mita ya mraba, siku ya kwanza, ya nne na ya saba, kila kipimo kisipite kichupa kimoja cha miligramu 5. Faida ikaonekana, na mwaka 2017 dawa ikarudi.

Nyingine hazikurudi. Magrolimabu ni kingamwili inayoziba alama ambayo chembe za saratani hujivisha ili walinzi wa mwili wasizimeze. Katika majaribio madogo yasiyo na kundi la kulinganisha, ilipounganishwa na azasitidini ilitia matumaini makubwa, hasa kwa wagonjwa wenye jeni ya TP53 iliyoharibika, ambao kwao karibu kila kitu hushindwa. Ikaja kuongezwa juu ya azasitidini na venetoklaksi, iwe ya tatu, katika jaribio kubwa la kura. Februari 2024 jaribio lilisimamishwa: hakukuwa na faida, na vifo viliongezeka, vingi kwa maambukizi na kushindwa kupumua. Habari ya matumaini iliandikwa na magazeti mengi. Ya kusimamishwa ilisomwa na wachache.

Tusionekane kana kwamba tunachukia dawa mbili. Mfano mzuri kuliko yote uko katika lukemia ya promielosaiti, aina iliyokuwa ikiua kwa siku chache kwa kuvuja damu ubongoni. China ndiko zilikotoka dawa zake: tretinoini ya kumeza, iliyoanzishwa Shanghai, na arseniki trioksidi, iliyoanzishwa Harbin. Mwaka 2013 madaktari wa Italia na Ujerumani walitoa matokeo ya kuziunganisha hizo mbili bila kemoterapi kwa wagonjwa ambao chembe zao nyeupe hazikupita 10,000: baada ya miaka miwili asilimia 97 walikuwa hai bila ugonjwa kuwarudia wala tiba kushindwa, dhidi ya 86 kwa tretinoini na kemoterapi. Zote mbili zimo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Hapa kwetu neno arseniki lina harufu nyingine, maana mawe ya Kipushi yana madini ya tenantaiti, ambayo ni shaba, salfa na arseniki pamoja, na vumbi la tanuru za kuyeyushia madini si tiba ya mtu. Kipimo cha hospitali ni miligramu 0.15 kwa kilo kwa siku. Mtu wa kilo 50 hupewa 7.5, kupitia mshipa, pole pole, moyo ukipimwa kwa mashine na potasiamu ikishikiliwa juu ya 4. Tretinoini, miligramu 45 kwa mita ya mraba kwa siku, huanzishwa siku ileile ugonjwa unaposhukiwa, bila kungoja majibu ya jeni. Mgonjwa akianza homa, kuvimba na kukosa pumzi katika wiki za kwanza, hupewa deksamethasoni miligramu 10 kila saa 12 papo hapo. Anayengoja picha ya kifua kwanza hupoteza mgonjwa aliyekuwa wa kupona.

Hapo sasa tunafika kwenye kosa lenu la pili. Katika VIALE-A, asilimia 42 ya waliopewa dawa mbili walipata homa wakiwa hawana neutrofili, dhidi ya 19 kwa dawa moja. Mgonjwa wa namna hiyo huokolewa na antibiotiki ya mshipani inayoingia mwilini ndani ya saa moja, na plakete zake zikifika 10,000 hutiwa nyingine. Plakete hizo hutunzwa nje ya friji, nyuzi 20 hadi 24, zikitikiswa mfululizo, na maisha yake ni siku tano. Damu nzima iliyolala kwenye friji haizibi pengo hilo. Mambo hayo hayakuandikwa kwenye jina la mchanganyiko, lakini yalikuwemo. Ukiyatoa, zile asilimia 66.4 si zako tena. Hivyo hatusemi dawa hizi zisiletwe Lubumbashi. Tunasema zikija bila plakete, bila antibiotiki, bila laboratware ya usiku na bila jenereta, zitatupa matokeo ambayo hakuna gazeti litakalotaka kuyachapisha. Umeme ukikatika mchana wa Oktoba, joto likipita nyuzi 30, vinkristini na asparajinesi zinazotakiwa nyuzi 2 hadi 8 huharibika bila kubadili rangi. Azasitidini ikishakorogwa na kuachwa mezani ina saa moja tu.

Kuna pia michanganyiko inayotengenezwa nyumbani na kwenye vituo vidogo, bila mtu kukusudia. Mgonjwa wa kemoterapi akipata homa, wengi hukimbilia kwinini ya serumu. Tone nene la malaria lipimwe, ndiyo, lakini antibiotiki haingoji jibu lake. Na mwenye kutibiwa kwa arseniki asipewe kwinini bila munganga wake kujua, maana zote mbili huvuruga mapigo ya moyo kwa namna moja. Mtoto anayemeza merkaptopurini akiongezewa alopurinoli, kipimo chake lazima kishuke hadi robo au theluthi, la sivyo uboho wake utaungua. Anayepata methotreksati asimeze ibuprofeni wala diklofenaki ya kununua barabarani. Lile ua la pervenche lililopandwa mbele ya nyumba nyingi ndiko vinkristini ilikotoka, kweli, ila majani yake ya kuchemsha hayana kipimo, na kwa aliye tayari kwenye tiba ni kuongeza kisichojulikana juu ya kinachojulikana.

Na kwa wenzetu wauguzi: siku ambayo mtoto anadungwa methotreksati mgongoni na vinkristini mshipani, vinkristini isikae ndani ya sirinji kabisa. Ichanganywe katika mfuko mdogo wa serumu wa mililita 50, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri. Mfuko hauwezi kuunganishwa na sindano ya mgongo kwa bahati mbaya. Sirinji inaweza, na vinkristini ikiingia mgongoni mtoto hufa.

Mkiandika tena juu ya mchanganyiko mpya, Bwana Mhariri, mwandishi wenu aulize kundi la kulinganisha lilipewa nini, wangapi walikufa katika siku 30 za kwanza, na kama kilichopimwa ni kutulia au maisha. Taarifa isiyojibu hilo la kwanza inaweza kungoja wiki nyingine.

Kwa toleo lijalo tunaomba sahihisho mahali palepale pa habari ya kwanza, kwa maneno haya: "Ugonjwa ulitulia kwa wagonjwa 66 kati ya 100 waliopewa dawa mbili, kati ya hao 66, ni kama 37 tu ambao damu yao ilirudi sawa kabisa, nusu ya wote waliopewa dawa mbili waliishi zaidi ya miezi 14." Na kama itabaki nafasi ya mstari mmoja chini yake: mtu aliye kwenye kemoterapi akifika nyuzi 38.3 hata mara moja, au 38 kwa muda wa saa nzima, aende hospitali usiku uleule.

Ni sisi waganga, wafamasia na walaborantini wa magonjwa ya damu,
Lubumbashi